Mgongo Wangu Una Kamati

Mbinga mjini,
9 Juni 2024

Shangazi Gertruda,

Shikamoo. Naanza kwa kukuamkia kama ulivyonifundisha, ingawa leo nina hasira na sijui kama adabu itafika ukurasa wa pili. Huku baridi imeingia, asubuhi tunashona tumevaa masweta. Florian kule Matiri ameanza kuchuma kahawa. Anasema mibuni ya bondeni imebeba vizuri, ya juu imemtia aibu. Mkewe Bonifasia mzima, watoto wako likizo. Mimi nina magunia mawili ya vitambaa vya sare za shule, na nina mguu wa kulia ambao siku hizi haujui kama umekanyaga pedeli ya cherehani au haujakanyaga.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Ningekupigia, lakini masikio yako yamepungua, unaweka spika, na nikikueleza jambo linasikika Lundo nzima mpaka kwa wanaoanika usipa. Halafu simu yangu yenyewe nimeifungia kabatini, na sababu yake utaisoma hapa chini. Barua nimempa Adija, yule jirani yako anayeleta usipa sokoni kwetu. Ikinuka samaki usinilaumu mimi.

Shangazi, mwezi wa nne nilikwenda Dar kwa daktari wa mifupa. Mgongo wangu unaujua, ulianza kupinda nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilidhani ulishamaliza. Kumbe hata mtu mzima unaendelea. Picha ya miaka sita iliyopita ilisoma digrii hamsini na nne, ya mwaka huu imesoma sitini na nane. Mbavu za kulia zimetokeza nyuma, za kushoto zimeshuka mpaka nikikaa zinagusa nyonga. Kile kilima cha kwenda kanisani nakipanda kwa kusimama mara tatu.

Daktari alinieleza bila kunizungusha. Wakinipasua wataweka vyuma viwili na skrubu kuanzia chini ya mabega mpaka kiunoni. Mgongo hautanyooka kama wa watu wengine, ila utakoma kupinda. Wasiponipasua utaendelea kidogo kidogo, mapafu yatabanwa na mguu utazidi kufa ganzi. Na kwenye kupasuliwa kuna hatari ya kupooza miguu, si kubwa lakini ipo, na ya kidonda kuoza. Akasema nikafikiri, nafasi yangu ataishika mpaka mwisho wa Septemba.

Nilimweleza kaka yangu Florian peke yake, nikamwachia na picha ya eksirei. Yeye akaipiga kwa simu na kuirusha kwenye kundi la wasapu la ukoo. Tuko watu sabini na nane mle ndani. Mmoja aliuliza kama yule ni nyoka.

Ningemsamehe kama yangeishia hapo. Wameunda kamati. Unajua kwetu mtu hawezi kuoa wala kuzikwa bila kamati, sasa wamegundua kwamba hata kupasuliwa kunahitaji mwenyekiti, katibu na mhazini. Mwenyekiti ni Florian. Wamechapisha kadi za mchango, zilezile za harusi, maua pembeni na herufi za dhahabu, na katikati wameweka mgongo wangu. Si eksirei. Ni mgongo wenyewe, mtupu, na maji yanatiririka. Pasaka nilipolala na homa Matiri, Bonifasia alinisaidia kuoga, na sikujua kwamba ameingia na simu. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenionyesha kadi, kwa huruma kabisa. Nilitoka nikatapika kwenye mfereji mbele ya duka.

Sasa nina swali, na nataka jibu lako wewe. Daktari aliniuliza kama niliwahi kutibiwa utotoni. Nikamwambia nilifungwa plasta kiwiliwili kizima katika hospitali ya misheni huko ziwani, nikakaa nayo kwako Lundo kwa sababu kwako ni karibu. Nilitakiwa kukaa nayo miezi sita, ikatolewa wiki ya tano kwa agizo la baba, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeiva na alitaka mikono. Akauliza hospitali yenyewe ilisemaje, plasta ilikuwa inasaidia au haisaidii. Nikamwambia nitauliza. Wewe ndiye uliyeikata, na ulikuwa mhudumu wa zahanati, karatasi zao ulizisoma. Niambie. Nataka kujua kama huu mgongo unasikia matibabu au ni wa kufa nao hivihivi.

Nasubiri,
Kunigunda


Lundo,
30 Juni 2024

Kunigunda mwanangu,

Marahaba, na hasira zako nimezipokea pamoja na harufu ya usipa. Adija alikaa na barua siku nane kwa sababu alipitia msibani Mbamba Bay, na huko msibani barua yako ilihudhuria mwanzo mpaka mwisho ikiwa kifuani mwake. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanadai pensheni yao. Muhogo tumeuvuna, uko juani, na nyani wanaupitia kuukagua kama mabwana shamba. Padri wetu amehamishwa. Aliyekuja ni kijana, anahubiri dakika kumi na mbili, wazee wamelalamika kwamba hawapati muda wa kusinzia.

Hayo ya kadi nimeyasoma mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro. Florian namwandikia. Nilimfuta makamasi yule, atanisikiliza. Na huyo Bonifasia mwambie hivi, kwa maneno yangu, kwamba mtu mgonjwa akivuliwa nguo mbele yako umekabidhiwa amana. Mimi nimeosha wagonjwa miaka thelathini na moja na sikumwambia mtu nilichokiona.

Kuhusu kupasuliwa, ukiniuliza mimi nakwambia acha. Umeishi nao miaka thelathini na mitano, umeshona nguo za nusu ya wilaya, umesimamia arusi za watu na umejenga. Hao wa vyuma wanataka kujaribu mikono yao. Hapa jirani kuna bwana aliyepasuliwa nyonga, akarudi anatembea vibaya kuliko alivyoondoka, na sasa anaiogopa hata ngazi ya kanisa. Kunywa maziwa, lala chali, punguza kukaa kwenye cherehani.

Hilo la plasta ni la zamani mno mwanangu, na mengi yameshanitoka kichwani. Hapa niliondoka kwenda kumfunga mbuzi, nimerudi nimesahau nilichotaka kukuandikia.

Usiku mwema, ingawa ni mchana,
Shangazi yako Gertruda


Mbinga mjini,
21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole na magoti. Huku kahawa imeiva kwa pamoja, Matiri hakuna mtu wa kukopesha mkono, mashine ya kumenyea inalia kutwa. Ila kwa kikao watu walipatikana.

Kilikuwa Jumapili iliyopita nyumbani kwa Florian. Nilikwenda kwa ajili ya kuwaambia wavunje kamati na wachome kadi. Nikakuta wameniwekea kiti mbele chenye kitambaa cheupe, kama bibi harusi. Katibu akasoma ajenda. Ya kwanza kufungua kikao, ya pili hali ya mgongo. Florian akaniomba nisimame nigeuke ili wajumbe wajionee, na mimi nikasimama, nikageuka. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba miguu yangu ilitii kabla sijaiambia kitu. Mzee mmoja kutoka Mpepai, wala sijui tunahusiana vipi, akaja akanibonyeza nundu kwa kiganja kama anayepima parachichi. Halafu akajifuta mkono kwenye suruali yake. Nilimwona. Akaniambia, "Huu ni msalaba wako mama, ubebe kwa furaha," na mkono bado anaufuta.

Kisha wakapiga kura. Ndiyo, shangazi, kwa kunyoosha mikono. Kumi na tisa walitaka nipasuliwe, sita walitaka nipelekwe kwanza kwa mganga wa Matengo anayechanja chale. Mimi sikuhesabiwa, nadhani kwa sababu nilikuwa ajenda.

Nikidhani yameisha, Bonifasia akatoka ndani na jora la kitenge. Kutakuwa na misa ya kuniombea na kamati lazima ivae sare. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwa kuwa mimi ni fundi, basi niwashonee, ishirini na tano, mikono mifupi. Jora liko hapa dukani kwangu, kwenye kona. Nikiliangalia mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni. Kila mtu anayeingia ananitazama nyuma kabla ya kunitazama usoni, kisha anatabasamu, na hilo tabasamu lina utelezi, nahisi kama nimeguswa na konokono.

Umeniambia niache kupasuliwa. Huenda uko sahihi, sijui. Wiki hii niliangusha mkasi kwa sababu vidole viwili vya mguu vilipotea ghafla nikadhani nimekanyaga kitu. Usiku nalala nimekaa. Lakini nikiwaza kulala kifudifudi juu ya meza, mgongo nje, na watu nisiowajua wamenizunguka, naona kikao kile kile, tofauti ni visu tu.

Swali langu hukulijibu. Nimeisoma barua yako yote, nyani wamo, padri yumo, bwana wa nyonga yumo. Plasta ina mistari miwili. Hospitali ilisemaje?

Kunigunda


Lundo,
25 Agosti 2024

Kunigunda mwanangu,

Nimechelewa, nisamehe. Nilipata malaria, nikapona, nikapata uvivu. Usipa mwezi huu ni wengi mpaka tunawalisha kuku. Mjukuu wa Adija amebatizwa jina la Glorious na baba yake Mkristo, Adija mwenyewe hajaamua kama anune au acheke, maana keki ilikuwa nzuri.

Florian alinijibu. Anasema kadi wamezisimamisha, ila kamati haiwezi kuvunjwa kwa kuwa imeshapitishwa. Niliona kwamba ugomvi hautakusaidia, nikamwambia basi nami niwemo, ili awepo mtu wako mle ndani. Kwa hiyo na mimi nitahitaji hiyo sare. Kifua inchi arobaini na mbili, kiuno usiniulize, shona kama gunia. Mikono mirefu tafadhali, yangu imekunjamana.

Nimemtuma Adija na samaki watatu, mbasa waliokaushwa vizuri. Kula, mifupa inahitaji.

Ya zamani tuyaache, Kunigunda. Baba yako ameshalala kaburini mwaka wa nne huu. Ukiyachimba sasa utapata nini? Shona nguo zako, sali, na usiruhusu mtu akupasue.

Shangazi yako


Mbinga,
8 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Mbasa wako nimewagawia majirani, sikuweza kuwaingiza mdomoni. Vipimo vyako vya sare nimevisoma nimesimama kaunta, nikavikunja, nikavitia kwenye jiko la pasi ya mkaa. Nilikuandikia wewe kwa sababu nilidhani katika ukoo wote amebaki mtu mmoja ambaye si mjumbe.

Mara mbili nimekuuliza na mara mbili umenizungusha. Basi nimejijibu mwenyewe. Kama hospitali ingekuwa inaona faida, isingekubali mtu akate plasta yao wiki ya tano bila kumfuata. Walijua haisaidii, wakanyamaza. Mgongo wangu haukusikia matibabu nikiwa na mifupa laini ya kitoto, hautasikia sasa nikiwa na miaka arobaini na saba. Na baba alinitoa kwenye plasta akanitwisha magunia ya kahawa mbichi kutoka bondeni, msimu mzima, nikiwa nimepinda hivyo hivyo. Nilitupwa na hospitali kwanza, kisha na mzazi. Sioni kwa nini nimkabidhi mtu wa tatu mwili huu auchezee.

Tarehe thelathini mwezi huu nampigia daktari kumwambia nafasi yangu ampe mwingine. Simu nitaitoa kabatini kwa ajili ya hilo tu.

Pumzi imepungua. Barua hii nimeiandika kwa kupumzika mara nne.

K.


Lundo,
22 Septemba 2024

Kunigunda,

Barua yako imenifikia jana. Adija hasafiri mpaka wiki ijayo, kwa hiyo hii nitaipeleka mwenyewe Mbamba Bay kwa pikipiki na kuitia kwenye basi la kesho. Habari za hapa hazina maana leo.

Baba yako hakuagiza chochote. Niliikata mimi, kwa kutaka kwangu.

Nitakueleza yote, nawe usome ukiwa umekaa. Ilikuwa Mei ya mwaka themanini na tisa. Wiki ya tatu nilikurudisha hospitali wakakupima. Walifurahi. Yule sista aliyekuwa mkubwa wa wodi aliniambia mgongo umeanza kufuata plasta na nikurudishe baada ya wiki tatu wakubadilishie nyingine. Nilikuwa na karatasi yenye maneno hayo. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ulikuwa unasikia. Nimelijua jibu hilo tangu barua yako ya kwanza, na miaka thelathini na mitano kabla yake.

Sasa sikiliza kwa nini. Ulikuwa unanuka, mwanangu. Joto la huku unalijua. Jasho lilioza ndani ya plasta, kwapani ulikuwa na vidonda, kunguni waliingia wakaweka makazi, na ulikuwa unajikuna kwa kijiti cha mtama na kijiti kinatoka kimelowa. Mimi niliyekuwa nasafisha vidonda vya watu zahanati bila kukunja uso, nilishindwa kulala chumba kimoja na mtoto wa kaka yangu. Nilikuwa naweka sahani yako mlangoni. Huenda unakumbuka, huenda ulidhani ni desturi ya nyumba yangu.

Wakati huo kulikuwa na mwalimu mmoja, Cleopa, anakuja kunitembelea, nami nilikuwa na miaka ishirini na tisa na watu wameanza kuniuliza maswali. Jumamosi moja alikuja, nimempikia wali kwa samaki mbelele, nimejipaka marashi mpaka shingoni. Akakaa, akanusa, akaniuliza taratibu, "Dada Gertruda, humu kuna panya amekufa?" Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulianza kumtafuta yule panya, ukainama na hilo plasta lako, ukachungulia chini ya kabati ili unisaidie. Nilikutazama, na sikukuhurumia. Nilichefuka. Nataka nikuandikie neno lenyewe, nilikuona uchafu.

Kesho yake nilichemsha maji, nikachukua mkasi wa zahanati na kisu cha mkate. Nikakwambia baba yako ameandika anataka urudi kuvuna. Baba yako nilimwandikia kwamba hospitali wamesema inatosha. Hospitali nikawaambia baba amekuchukua kwa nguvu. Plasta niliitupa chooni. Kila mmoja nilimpa uongo wake, na kwa kuwa ninyi wa Matiri hamkanyagi ziwani na wao hawakanyagi Matiri, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kaka yangu alikutwisha kahawa akiamini umepona. Mwaka uliofuata ulipozidi kupinda alilia mbele yangu, akasema wazungu wa misheni wamemdanganya. Nikamwitikia. Cleopa alioa Lituhi mwaka huohuo.

Siku ya mazishi ya baba yako nilikuwa nyuma yako. Niliona wenzako wakichota udongo, na wewe ukaweka mikono mfukoni mwa koti ukageuka. Nilijua sababu. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, nikasema njaa inaniuma.

Nilikuambia usipasuliwe kwa sababu niliogopa daktari ataulizauliza mpaka afike kwangu. Yule bwana wa nyonga hayupo, nilimtunga.

Amua unavyotaka, lakini usiamue kwa uongo wangu. Sijui niishie vipi barua hii.

Gertruda


Mbinga mjini,
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika, ila ilinichukua muda.

Huku mvua bado. Florian amemaliza kuvuna na sasa anaandaa shamba la ngoro, yale mashimo ya mlimani, na wanawake wanalalamika kabla hata ya kushika jembe. Kamati imekufa. Nilikwenda Matiri Jumatano nikamkalisha Bonifasia, nikachukua simu yake nikafuta picha zangu moja baada ya nyingine mbele ya macho yake. Zilikuwa sita. Alilia, akasema hakukusudia ubaya, na naamini hakukusudia, jambo ambalo linanichefua zaidi. Jora la kitenge nimelirudisha bila kukatwa. Florian alitaka kunishika bega nikamwambia asinishike, akaweka mikono chini. Hatukugombana.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tano. Nilikaa siku nne sili. Nilikuchukia mpaka nikawa na ladha yake mdomoni, kama ya sarafu. Nikawa nakumbuka sahani mlangoni, maana kweli nilidhani ni desturi. Nikakumbuka na yule panya. Nilimtafuta kwa bidii sana.

Tarehe thelathini nilimpigia daktari. Nilimsimulia yote, nikitegemea atasema, kumbe mgongo wako unasikia, basi tutafanikiwa. Hakusema hivyo. Alisema plasta ya mtoto haimwambii kitu kuhusu mifupa yangu ya leo, na kwamba hata ningekaa nayo miezi sita yote, hakuna anayeweza kuapa kwamba nisingepinda. Hatari ni zilezile alizonitajia mwezi wa nne, na faida ni zilezile. Miezi minne nimekudai jibu ambalo halikuwa na kazi, nikaona kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kuamua badala yangu ili baadaye nimchukie. Baba nimemtumia hivyo. Mguu unakufa, pumzi inaisha, na hayo yalikuwa kweli mwezi wa sita kabla sijakuandikia. Nikamwambia daktari nafasi ni yangu asimpe mtu.

Ameniambia nikishawekewa vyuma kiuno hakitakunja tena kama zamani, kuokota kitu chini kutanishinda. Kwa hiyo Jumatano hiyohiyo, nilipotoka kwa Florian, nilipita kwa baba. Nilipiga magoti kwanza, nikainama kwa shida, nikachota udongo kwa mikono miwili nikauweka juu yake. Nilijifuta mikono kwenye nyasi nikateremka.

Sasa sikiliza. Fomu ya hospitali ina mstari unaotaka jina la ndugu atakayemhudumia mgonjwa. Wiki za mwanzo sitaweza kujigeuza, kujiosha wala kwenda chooni peke yangu. Florian amenisihi niandike la Bonifasia. Nimeandika lako.

Usidhani nimekusamehe, sijafika huko na sijui kama nitafika. Lakini nimezungukwa na watu wanaonigusa wakitabasamu, kisha wananawa wakidhani sioni. Wanasema ni msalaba, wanasema ni mpango wa Mungu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ninamtia kinyaa. Wewe umeniambia. Katika miaka yote hii ni mtu mmoja tu ambaye najua hasa anachokiona anaponiangalia, na huyo ndiye ninayemtaka karibu na kitanda.

Na nitanuka tena, shangazi. Kutakuwa na damu, mpira wa mkojo na jasho la Dar, na huenda na usaha. Utachefuka, najua. Chefuka, lakini usiondoke na usikate kitu. Utanigeuza, utaniosha, utakula sahani yako palepale nilipo, na akija mgeni akakunja pua utamwambia ni mimi ninayenuka na kwamba mimi ni wako.

Napasuliwa tarehe kumi na moja Novemba. Tarehe saba asubuhi nitakuwa stendi ya Mbinga na mzigo wangu. Njoo na kanga za zamani zilizolainika, nyingi uwezavyo, na marashi yaache Lundo.

Mwanao,
Kunigunda